Alasiri ya Maua ya Mumunye

Juzi sokoni Nkubu niliona mamumunye machanga yenye maua nchani, nikamkumbuka cucu, mama yake baba. Msimu mmoja mamumunye yake yalikuwa yakioza yangali madogo kama kidole. Alasiri hiyo alichuma ua dume, akalimenya petali, akaanza kulisugua ndani ya maua yenye vitunda. Mikono yake ilinukia majani mabichi.

"Cucu, unayaua!" nililia.

"Nyamaza. Nyuki wamekataa kuja, basi leo nyuki ni sisi. Shika, paka hapa."

Nilidhani ni uchawi, lakini nikapaka. Siku hizi najua ni uchavushaji tu. Tunda langu lilinenepa, na cucu alipolipika alinipakulia mimi kwanza, kabla ya babu.