Gramafoni Yangu Inajaribiwa

Nililetewa sharubati juu ya kifuniko cha gramafoni ya baba yangu.

Sikukitambua mara moja. Ilikuwa harusi ya binti wa shangazi yake mume wangu, huko Dutumi, mchana wa Jumamosi. Nilikaa mkekani na wanawake wenzangu, mtoto mdogo ananyonya, mkubwa ananing'inia begani. Msichana akapita na vinywaji, nikachukua glasi. Pale ilipokuwa imesimama pakabaki duara la maji, na katikati ya duara nikaona herufi tatu zilizochongwa kwa ncha ya bikari. Herufi za majina yangu. Nilizichonga mimi, nikiwa darasa la tano, nyumbani Kisarawe, na siku hiyo nilichapwa.

Nikamnyang'anya msichana ile trei na glasi zake zote, nikaziweka chini, nikaigeuza. Upande wa chini bawaba zote mbili za shaba zilikuwa zimeng'olewa, mbao imechanika kwenye matundu ya skrubu.

"Hii mmeitoa wapi?"

"Sijui, dada. Tumeikuta kule kwenye muziki."

Muziki! Nilikuwa nausikia tangu tulipofika. Nusu saa kabla nilikuwa nimemwambia wifi yangu, kwa mdomo wangu mwenyewe, kwamba muziki wa leo una besi nzuri.

Ile gramafoni ilikuwa kwa fundi Kongowe kwa miezi saba. Kwa miezi saba nilikuwa nikienda na mtoto mgongoni, narudi na mtoto mgongoni, naambiwa njoo Alhamisi, njoo mwisho wa mwezi, kifaa kimeagizwa Dar. Nilivumilia yote hayo. Sharubati sikuivumilia.

Niseme ilikuwa gramafoni ya namna gani, maana baadaye kila mtu aliniambia ni gramafoni tu.

Baba yangu alikuwa karani Kisarawe. Alipofariki, kaka zangu waligawana shamba, minazi na baiskeli. Mimi wakaniambia, "Na wewe chukua lile sanduku." Lilikuwa gramafoni ya zamani ya kuzungusha kwa mkono, springi imekatika, haitoi hata mkwaruzo. Walidhani wamenipa takataka. Lakini sanduku lenyewe lilikuwa la mninga mzito, na mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nina kazi ya kupiga chapa. Nikaamua sanduku hilo litaimba tena.

Ilinichukua miaka mitatu. Mota na sahani ya kuzungushia santuri niliipata kwa karani wa shamba la mkonge karibu na Mlandizi, aliyekuwa anahamia bara na hakutaka kubeba mizigo. Amplifaya ilitoka kwenye gari bovu la matangazo lililokuwa limekaa juu ya mawe hadi kuku wakataga ndani yake. Niliinunua ikiwa na manyoya. Spika nilinunua moja mbovu, karatasi yake imepasuka, nikaiziba kwa karatasi ya daftari na gundi ya unga wa muhogo, ikakubali. Kila kipande nilikinunua kwa mshahara wangu kabla sijaolewa, na niliolewa nikiwa nacho, kama wengine wanavyoolewa na kabati.

Kuifunga nilijifunza mwenyewe, kwa kitabu cha fizikia na kwa kuunguza vitu. Meza ilikuwa taabu kubwa kuliko nyaya. Sakafu yetu Kibaha ilikuwa ya udongo, na meza ikilala upande kidogo tu, sindano inateleza na kuruka wimbo mzima. Nilikuwa naweka kisosi chenye maji katikati ya sahani, natazama maji yanakimbilia wapi, kisha nasukumia karatasi chini ya mguu wa meza mpaka maji yatulie. Juu ya kichwa cha sindano nilibandika senti tano ili kisirukeruke. Spika niliifunga mdomoni mwa mtungi mkubwa wa maji, na hapo ndipo besi ilipotoka. Majirani walinicheka. "Mama mtoto, leo umepika nini humo?" Lakini nilipounganisha betri ya gari na kuweka santuri, waliacha kucheka wakaleta vigoda.

Nilipopata mtoto wa pili nikaacha kazi, kwa kuwa hapakuwa na wa kuniangalizia. Mume wangu anashinda Dar, anarudi Jumamosi na kuondoka Jumapili. Nyumba ni ya ukoo wake, shamba ni la ukoo wake, watoto wana jina lake. Kitu ambacho ningeweza kukiwekea mkono na kusema hiki changu, nimekitengeneza, kilikuwa ni kile. Siku kilipoanza kutoa mvumo, nikakipeleka kwa fundi kikiwa kizima chote, sanduku na kifuniko, spika na nyaya. Mume wangu ndiye aliyenibebea kwa baiskeli. Fundi akaandika stakabadhi, nami nikaiweka kwenye pindo la kanga bila kuisoma. Mimi, mpiga chapa! Nimesoma karatasi za watu miaka minne, yangu sikuisoma.

Basi, pale Dutumi nilisimama na kifuniko kwapani, mtoto akiwa bado na ziwa mdomoni, nikaenda mpaka penye turubai. Nilimkuta fundi mwenyewe amekaa juu ya kreti, mguu unapiga mapigo. Mbele yake sanduku langu, betri, na mtungi. Hata wazo la mtungi nilimpa mimi.

Nikainua sindano.

Wachezaji walibaki mikono juu.

"Shikamoo, fundi," nikasema.

"Marahaba, mama." Kisha akaniona vizuri. "Ala! Mama! Karibu. Unaona chombo chako kimepona?"

"Kimepona lini?"

"Bado bado. Leo nakijaribu."

"Unakijaribu harusini?"

"Mama, chombo kikitengenezwa lazima kijaribiwe na watu wengi. Ukikijaribu peke yako dukani hujui kitahimili."

"Na kifuniko? Nacho unakijaribu kama kinahimili glasi?"

Watu wakaangua kicheko, na hapo nikajua nimeshindwa, kwa sababu mtu akichekesha hasikilizwi tena. Kijana mmoja akapaza sauti, "Dada, acha santuri iishe kwanza ndipo mpigane!" Fundi, kwa kujiamini sasa, akaanza kueleza mbele ya umati kwamba vyombo vyote vinavyoletwa kwake hupita majaribio ya namna hiyo, redio, gramafoni, hata vipaza sauti, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Bila shaka hawakulalamika. Hawakujua.

Mama mkwe alikuja amejitanda kanga mpaka puani. "Mwanangu, nakuomba. Bibi harusi analia ndani. Harusi ikizimwa muziki katikati, watu watasema nini juu yetu? Wacha iishe, kisha uchukue chako."

"Kweli nitachukua?"

"Mimi ndiye nimesema."

Nikarudisha sindano. Nikakaa chini kando ya sanduku, watoto wawili mapajani, wakati watu wanacheza na vumbi linaingia kwenye mota. Nilikaa hivyo mpaka alasiri, kama mlinzi wa godauni. Kisha mtoto akajisaidia, kinyesi mpaka mgongoni, nikanyanyuka kwenda kutafuta maji. Sikukawia. Niliporudi, turubai lilikuwa pale, kreti ilikuwa pale, mtungi ulikuwa pale. Fundi na gramafoni walikuwa wameshaondoka kwa pikipiki ya bwana harusi.

"Kaharakishwa," mama mkwe akasema, bila kunitazama.

Mkononi nilibaki na kifuniko.

Jumatatu nilikuwa Kongowe kabla fundi hajafungua. Sikumsalimu.

"Nipe gramafoni yangu."

"Stakabadhi unayo?"

Nikampa. Akainyoosha juu ya meza, akaigeuza kunielekea, akaweka kidole. "Soma, mama. Wewe si umesoma?"

Ilikuwa na jina la mume wangu.

"Mwenye mali ndiye huyu," akasema kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko matusi. "Mimi siwezi kumpa mtu mwingine. Kesho mwenyewe akija akidai, nitamjibu nini? Mwambie baba watoto aje."

"Amplifaya hiyo niliinunua ikiwa na manyoya ya kuku. Yeye sikuwa nimemjua bado."

"Sikatai, mama. Lakini karatasi inasema hivyo."

Jumamosi mume wangu akarudi, nikamweleza hata kabla hajavua viatu. Akasikiliza. Si mtu mbaya, ninamsema kama alivyo. Akasema, "Nitapita siku moja nikipata nafasi." Akasema pia, "Lakini na wewe, kumzimia mtoto wa shangazi harusi kwa ajili ya gramafoni tu?" Jumapili akapanda basi kurudi Dar. Jumamosi iliyofuata hakupata nafasi. Nyingine pia hakupata. Nikamwomba basi aniandikie karatasi ya ruhusa, mistari miwili. Akacheka, akasema, "Watu wataniona mimi ni mume wa namna gani, naandikiana barua na mke wangu?"

Nikaenda kwa balozi wa nyumba kumi. Mtu mzima, tumemheshimu siku zote. Nilipomaliza kueleza, uso wake ukang'aa.

"Kumbe ile ni yako? Ile ya sanduku jekundu la mninga? Basi hongera, ndugu. Ndiyo iliyopiga harusi ya binti yangu mwezi uliopita. Sauti yake!"

Alinimiminia chai.

"Tazama," akaendelea. "Wewe una watoto wadogo, huna hata muda wa kusikiliza. Kule ilipo inafurahisha watu wote. Siku hizi tunasema mali iwanufaishe wengi. Kung'ang'ania kitu kimoja nyumbani kwako peke yako, huo ni ubinafsi, ndugu yangu."

"Na redio yako, balozi? Hiyo dirishani?"

"Ile ni ya kazi. Nasikilizia taarifa."

Nikaiacha chai.

Njiani kurudi nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilipita nyumba yangu bila kuiona. Haikuwa hasira ya fundi tena. Fundi ni mwizi mwenye adabu, wako wengi. Kilichonikaba ni kwamba nilikuwa nimezunguka kwa watu wanne, na kila mmoja alikubali kwamba nilikitengeneza mimi, na hakuna hata mmoja aliyekubali kwamba ni changu. Nikajua kwamba nikiendelea kuomba nitaomba mpaka mota ifie kwenye harusi ya mtu nisiyemjua.

Nikamwendea mama niliyefanya naye kazi zamani, akaniazima taipureta yake ya ofisini wakati wa chakula cha mchana. Mtoto nilimlaza chini ya meza. Nilipiga nakala tatu kwa kaboni, kisha nikazipeleka kwenye baraza la usuluhishi la kata. Karani alisoma mstari wa kwanza, akaniuliza kama nimekosea, jina la mlalamikaji lisiwe la mume. Nikamwambia sijakosea. Akaniuliza kama mume anajua. Nikamwambia agonge muhuri. Akagonga. Nakala yangu ninayo, na nimeondoa majina tu:

*Kwa Mwenyekiti wa Baraza la Usuluhishi.*

*YAH: KUZUILIWA KWA GRAMAFONI YANGU*

*Mimi mlalamikaji, mwanamke, mkazi wa Kibaha, nalalamika dhidi ya fundi redio wa Kongowe kama ifuatavyo.*

*Kwamba nilimkabidhi gramafoni ili aitengeneze, naye badala ya kuitengeneza ameikodisha kwenye harusi kwa miezi saba na kuiita kazi hiyo kujaribu. Mimi mwenyewe niliikuta Dutumi. Mashahidi ni waalikwa wote.*

*Kwamba ameng'oa kifuniko na kukifanya trei. Kifuniko ninacho, nitakileta.*

*Kwamba anakataa kunirudishia kwa sababu stakabadhi ina jina la mume wangu. Jina hilo aliliandika fundi bila kuniuliza. Mume wangu alibeba tu. Sanduku nilirithi kwa baba yangu, vilivyobaki nilinunua kwa mshahara wangu, na ninaweza kulieleza baraza kila waya unakwenda wapi. Naomba fundi naye aulizwe hivyo, na mume wangu pia.*

*Naomba baraza liamuru nirudishiwe chombo changu kizima, na liandike katika kumbukumbu zake kwamba mwenye chombo ni mimi.*

*Sikubali kusuluhishwa kwa kuambiwa nisubiri, wala kwa kuambiwa nimlete mtu mwingine.*

*Wito wa kuja barazani naomba uandikwe kwa jina langu na uletwe mkononi mwangu. Nitafika na watoto wawili.*