Bastola ya Wendell na Jicho la Pili

Wendell Stroud alitengeneza vinu vya upepo vya kuvutia maji ya ng'ombe maisha yake yote, lakini mji wetu mdogo wa Wyoming ulimjua kwa bastola. Si kwa kupiga mtu, kwa kuizungusha. Bastola ile ya kizamani, ambayo haifyatuki mpaka uvute nyundo kwa kidole gumba, ilizunguka kidoleni mwake, ikaruka juu ya bega, ikarudi mkononi na kutulia. Tangu mkewe afe hakuwa na furaha nyingine.

Masharti yake yalikuwa makali. Bastola ya kuzungushia isilale chumba kimoja na risasi. Kabla ya kuanza, mtu wa pili azungushe silinda, lile gurudumu la risasi, aangalie kila tundu, aseme kwa sauti, "Tupu." Atakayekutwa na risasi hazungushi tena, hata awe nani. Vijana walimcheka eti anaogopa chuma. Aliwajibu kwamba makaburi yamejaa watu waliokuwa na uhakika.

Siku ya maonyesho ya mifugo, jicho la pili alikuwa Verna, jirani yake, mwanamke wa mizaha. Aliikagua huku akimtania kwamba akiidondosha leo atawanunulia watu wote nyama. Kisha mzaha ukamkauka mdomoni. Tundu moja lilikuwa na risasi.

Aliificha kiganjani. "Nimeshaitoa," alimnong'oneza. "Hakuna aliyeona. Nenda kazungushe, Wendell."

"Sema ulichokiona, Verna."

Verna akatikisa kichwa. Basi Wendell akachukua kipaza sauti akasema mwenyewe, akavua mkanda wa bastola, akauacha mezani. Wapo walionong'ona kwamba mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Mimi nilitamani kumtikisa kwa ukaidi ule, na nilitamani kulia.

Nilimfuata nyuma ya mazizi, nikamkuta Verna ameshafika anambembeleza. Alimwambia kosa kama lile humpata yeyote: asubuhi ile Wendell alikuwa na haraka, bastola ya kazi ilikuwa mbali, akaijaza risasi hii na kumuua nyoka kwenye banda la kuku. Si Wendell mwenyewe alimsimulia walipokuwa wanakunywa kahawa? Sharti lingeweza kulegezwa mara moja tu.

Wendell alikunja uso kama mtu anayetafuta kitu alichosahau alikoweka. Mikono yake ilikuwa imara, haitetemeki hata kidogo.

"Nyoka gani?" aliuliza.