Masufuria ya Kitongoji

Nimeishi Madibira miaka mingi kuliko niliyoishi kwa baba yangu, na bado iliniwia lazima nikae mbele ya kamati nijieleze kama mimi ni mkazi au mpita njia.

Nilikuwa nimeomba chama kinipitishe kugombea udiwani wa kata yetu. Kwetu, kabla wanachama hawajapiga kura za maoni, kamati ya kata inayapitia majina, na asiye na sifa anakatwa. Sifa mojawapo ni kuwa mkazi wa kata. Sikuwahi kudhani kipengele hicho kinanihusu. Lakini mwenye mashine ya kukoboa mpunga, ambaye naye alikuwa anautaka udiwani huohuo, akaniwekea pingamizi. Alisema mimi ni mtu wa Iringa: nimezaliwa Tosamaganga, nina chumba cha kupanga Mlandege, na huku nakuja kuvuna tu kama ndege kwelea kwelea.

Neno hilo la kwelea kwelea lilifika kwenye majaruba ya mpunga kabla yangu. Wenzangu walinisimulia huku wakicheka, halafu wakauona uso wangu wakarudi kupalilia.

Kwamba nimezaliwa Tosamaganga ni kweli, na kila nikiongea watu wananisikia Uhehe wangu. Chumba cha Mlandege nacho ni kweli. Mchele unapata bei nzuri zaidi kule, kwa hiyo nikiwa na mzigo ninaupeleka, ninalala, nauza, narudi. Ila mume wangu amezikwa Madibira, na hata siku ya maziko yake hakuna aliyeniuliza nitarudi lini kwetu.

Wifi yangu, dada wa marehemu, alinisindikiza hadi mlangoni pa ofisi ya chama. "Wewe mama nakujua," akaniambia. "Ukifoka tu, wamekukata. Kaa kama uko kanisani."

Nikakaa kama niko kanisani. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya taratibu, aliisoma barua ya utambulisho niliyopewa na mtendaji wa kata, akaiweka mezani.

"Barua tumeiona, mama. Ila mtendaji mwenyewe kahamia juzi tu. Anamjua nani?"

Wajumbe wakacheka kidogo. Mwenye mashine akasimama, shati limenyooshwa vizuri, akaeleza kwamba amefika Mlandege na kunikuta, tena si mara moja. "Na hapa ukienda kwake, mwenyekiti, utakuta kufuli."

"Kufunga mlango ni dhambi?" nikauliza.

"Mama, utapewa nafasi," mwenyekiti akasema.

Ilipokuja nafasi yenyewe nilikuwa nimejaa hasira. Nilitaka kumwambia yule bwana mambo ambayo hayasemwi mbele ya wazee. Hasira hasara, nikajikumbusha, nikakaza ngumi. Ndipo nikasikia kitu kinanichoma kiganjani. Ulikuwa ufunguo wa stoo yangu, ninaoushika kila niendako hapa Madibira.

Katika stoo hiyo kuna masufuria ya kitongoji. Kila kitongoji kwetu kina yake, makubwa ya kupikia watu wengi, yaliyonunuliwa kwa michango pamoja na turubai na mikeka, kwa ajili ya misiba na sherehe. Yanawekwa nyumba moja tu. Mwenye nyumba hiyo hachaguliwi kwa ukubwa wa stoo. Anachaguliwa kwa sababu msiba haupangi saa, na atakayekuja kugonga lazima amkute mtu. Mimi nikisafiri, ufunguo anabaki nao wifi, na hapo bado nalala Mlandege kwa wasiwasi. Mama aliyeyatunza zamani aliposhindwa kuyainua, kina mama waliyahamishia kwangu bila hata kuniuliza. Nilitoka shambani nikayakuta yamepangwa mlangoni, nikafungua stoo. Ni jambo la kawaida kiasi kwamba sikuwa nimelifikiria kabisa.

Nikasimama. Sauti ilitoka ndogo kuliko nilivyotarajia.

"Kaka yangu, naomba nikuulize. Mama yako alipotutoka, masufuria ulikuja kuchukua kwa nani?"

Akanitazama. "Kwako."

"Saa ngapi?"

"Alfajiri. Giza bado."

"Ulinikuta?"

Yule bwana ana maneno mengi, lakini alimpenda sana mama yake, na hakuweza kudanganya kuhusu asubuhi ile. Akamgeukia mwenyekiti.

"Nilimkuta," akasema. "Hata moto aliuwasha yeye."

Akakaa. Kwa hilo nilimheshimu, na ninamheshimu mpaka leo.

"Mimi nilimkuta harusi ya mwanangu," akadakia mjumbe mmoja, mama mnene wa pale pembeni. "Tena na mafua yake." Mwingine akasema alinikuta mvua inanyesha. Hakuna aliyekuwa amewauliza.

Mwenyekiti akavua miwani. "Basi, inatosha," akasema. "Kwelea kwelea hapewi masufuria. Jina linabaki."

Wifi yangu alikuwa amebana sikio dirishani muda wote. Kigelegele alichopiga kiliwatoa watu kwenye mashine ya kukoboa yenyewe. Kina mama wakaja mbio kutoka mfereji mkuu, wengine majembe begani, tukaimba Kisangu cha wenyeji na Kihehe changu vyote kwa pamoja njia nzima, nami nikacheza na tope miguuni huku nalia. Nimeshafurahi mara nyingi maishani, lakini siku ile nilikuwa na furaha ya mtu aliyeambiwa na watu wake mwenyewe kwamba ni wao.

Kura zikapigwa, zikahesabiwa, maisha yakaendelea. Jumamosi moja baada ya uchaguzi nikiwa jikoni, nikasikia hodi. Nilimjua kwa sauti. Binti yake alikuwa anapata kipaimara, na wageni walikuwa wanatoka hadi Mbeya.

"Hodi, Mheshimiwa," mwenye mashine akaita. Akagonga tena, safari hii kwa wasiwasi. "Mheshimiwa, upo?"

Nikamwacha asubiri kidogo, kidogo tu, kisha nikachukua ufunguo.

"Nipo," nikasema.