Ulezi Hausagwi Bila Kuagizwa

Mama alinikuta mashineni nikisaga ulezi wetu wote, akashika kiuno. "Nani kakuagiza unga wote huu?" Kwetu Ufipa ulezi husagwa unapohitajika. Punje hukaa ghalani miaka bila kubunguliwa, lakini unga haungoji mtu. Nikamjibu kwamba wateja wangu wako kwenye simu.

Na kweli walikuwepo. Mwanzoni nikiweka picha ya unga mtandaoni asubuhi, kabla sijamaliza chai nimeshapata oda za Sumbawanga mjini, Laela, hadi Kirando. Ulikuwepo pia mtandao mwingine mdogo tuliokuwa tunauzia. Wenye huu wangu mkubwa wakaununua, kisha wakaufunga. Wauzaji sote tukahamia kwao, tungekwenda wapi? Walipoona hatuna pa kukimbilia, picha zangu zikaacha kufika. Ukitaka wateja wako mwenyewe wakuone, lipia. Nikalipa, nikaonekana kidogo, nikafichwa tena.

Unga ukaanza kuingia uchungu magunia yakiwa yamejaa. Nikapanda basi hadi Laela kumfuata mama lishe wa stendi, mteja wangu wa siku nyingi.

"Dada, kumbe upo?" akasema. "Mimi nilijua umeacha biashara."

"Nipo. Kila siku naweka picha."

"Mbona sizioni?"

Akaandika jina la biashara yangu kwenye simu yake. Juu kabisa ukatokea unga wa mtu mwingine, aliyelipa. Wangu tuliutafuta, tukashusha ukurasa, tukashusha tena, hatukuuona. Nilipandwa na hasira. Wateja wale niliwatafuta mwenyewe, kwa miguu na kwa maneno mazuri. Leo mtu aniuzie walio wangu? Hapana. Nilichukua simu yake, nikaingiza namba yangu.

Unga mchungu nilimpa jirani mfugaji, ng'ombe wakaushukuru. Mama akayakung'uta magunia matupu, akanikabidhi. Msimu uliofuata nilihifadhi punje. Kila mfuko niliouza niliuandika namba yangu kwa kalamu nene, na nilisaga ulezi wa mtu aliyepiga simu kuagiza tu.

Juzi mtandao ukaniletea ujumbe: wafuasi wako wamekukumbuka, lipia uwafikie. Ulinikuta naongea kwa simu na mama lishe wa Laela, anataka gunia la Jumatatu. Walionikumbuka walikuwa wameshanipigia. Nikaufuta ukurasa wangu wote wa mtandaoni, nikachukua ungo, nikaenda ghalani kuchota ulezi wake.