Madebe Matatu

Harufu ya usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, wakiwa wameanikwa mchangani, bado hunisimamisha njiani. Hunirudisha kijijini kwetu Lituhi, masika ile nilipokuwa na miaka tisa, na mdogo wangu Skola akihema kwa shida mgongoni kwa mama. Zahanati ilikuwa imemshindwa. Tuliambiwa tumwahishe hospitali ya Liuli, na kwa kuwa mvua ilikuwa imekata barabara, ilibaki boti moja tu yenye injini. Baba alikuja ufukoni alfajiri na gunia la mahindi, akiba yetu ya mwisho kabla ya mavuno.

Mwenye boti alitaka gunia zima, yaani madebe sita. Kwetu bei ya kwanza haikubaliwi. Anayeikubali huonekana mjinga. Na baba alisifika kwa kupatana, hata watu walimtania kwamba angeweza kuiomba mvua ipunguze. Alianza na debe moja. Mwenye boti alicheka, akaketi kwenye ukingo wa boti, wakaulizana habari za nyumbani na za shamba, kisha wakarudi kwenye bei.

“Baba Agnes, mpe anachotaka twende,” mama alisema.

“Haraka haraka haina baraka,” baba alijibu bila kugeuka.

“Na ngoja ngoja huumiza matumbo! Mtoto anakwisha huyu.”

Nilimchukia baba, na Mungu anisamehe, nilimwonea fahari pia, maana madebe matano yakawa manne, na manne yakawa matatu. Walipopeana mikono, jua lilikuwa limepanda, na wanawake wa ufukoni walikuwa tayari wanageuza usipa upande wa pili. Skola alifariki majini, kabla hatujaiona Liuli.

Leo nafundisha Kiingereza Mbinga mjini. Juzi, nikiandaa somo la sokoni, nilitafuta kwenye kamusi asili ya neno “haggle”, kubishania bei. Kumbe limetokana na neno la kale la watu wa kaskazini mwa Ulaya, lenye maana ya kukata kwa shoka. Sisi tunasema kupatana, neno lile lile la waliogombana wakasameheana. Nilifunga kamusi nikalia. Baba na mama hawakupatana tena hadi walipozikwa.

Wauza nyanya wa hapa hucheka wakiniona nalipa bei ya kwanza. Mwalimu mzima, wanasema, hajui kuomba apunguziwe. Madebe matatu aliyookoa baba tuliyasaga siku ile ile, tukayapikia ugali wa matanga, na waombolezaji wote walishiba.