Nimeagwa Kabla ya Safari

Leo nimeagwa kazini, na wala siendi popote mpaka mwezi ujao.

Mnajua mimi ndiye ninayeingiza uhamisho wa wafanyakazi kwenye mfumo wa kampuni. Jana nikajiingiza mwenyewe: kutoka hapa Songea kwenda tawi la Tunduru, kuanzia mwezi ujao.

Sasa kwenye tarehe nikachagua mosi ya mwezi huu.

Mfumo haukuniuliza. Uliona tarehe imeshapita, ukaitumia ofisi nzima ujumbe kwamba nimeshahama.

Asubuhi naingia, watu wananitazama kwa huruma. Kabla sijauliza kuna nini, akaja Mama Ngonyani wa stoo.

(Tangu tugombanie likizo ya Krismasi, shikamoo yangu alikuwa anaiitikia huku anaangalia ukuta.)

Akafungua kitenge kipya, akanifunga mabegani mbele ya wote. Machozi yanamtoka.

"Mwanangu, unaondoka kimyakimya kwa sababu yangu? Mimi nilinuna tu. Nilikuwa nasubiri uanze wewe kusema yaishe."

Jamani. Ningemwambiaje pale kwamba ni tarehe tu?

Nilimwambia wakati wa chai. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akanyoosha mkono: "Basi lete kitenge changu. Nitakuvisha mwezi ujao."

Tarehe nimeshairekebisha. Kitenge nimekataa kurudisha, nimekivaa hadi nyumbani Ruhuwiko. Nimekosea jamani? Semeni.

Ila wakati wa kutoka nilimpa shikamoo.

Akaitikia marahaba, ananitazama usoni.

Asante, Mama.