Kisagio cha Kahawa kutoka Mitumba ya Brussels

Dada yangu mdogo ni muuguzi huko Brussels. Nilipopata likizo kazini Embu na kumtembelea, alikuwa amepanga kunionyesha makanisa na majumba ya wafalme. Lakini siku ya pili alitaja, kwa kupita tu, kwamba karibu na kwake kuna uwanja ambapo watu huuza vitu vya zamani, wamevitandaza chini juu ya mablanketi.

"Yaani mitumba?" nikamuuliza.

Akacheka, akasema naweza kuiita hivyo. Wafalme wakangoja.

Mimi ni mtu wa mitumba. Nguo zangu za ofisini, mapazia ya nyumba yangu pale mtaa wa Dallas mjini Embu, hata koti nililosafiria, vyote nilivichagua sokoni Embu, asubuhi zile ambapo mzigo hufunguliwa, nasi wanawake tukarukia kamera, yaani zile nguo za kwanza ambazo hazijapitiwa na mkono wa mtu. Kwa hivyo tulipokata kona na uwanja ukafunguka mbele yangu, moyo ulinidunda kama wa msichana. Ulikuwa umejaa pomoni. Vikombe vya kaure, viti vya miguu mitatu, picha za harusi za watu wasiojulikana na mtu, taa, funguo zisizo na kufuli, meno ya bandia ndani ya glasi. Dada akanieleza kwamba vingi hutoka katika nyumba za waliofariki, watoto wao wakakosa pa kuviweka. Nilistaajabu. Kwetu sufuria ya nyanya aliyefariki huweza kugombanisha ukoo.

Niliinama, nikachambua, nikainuka, nikaenda blanketi la pili. Sikusikia baridi wala njaa. Dada alinifuata akiwa amebeba mkebe wa vifungo na vitambaa vya meza nilivyonunua, akinikumbusha kwamba ndege ina kipimo cha mizigo.

Ndipo nikaona kisanduku cha mbao chenye mpini wa chuma juu na droo ndogo chini. Nikazungusha mpini, meno ya ndani yakakwaruzana. Nikavuta droo, nikanusa. Kahawa.

Mwenye mali alikuwa mama mzee aliyevaa glavu zilizokatwa vidole. Alipotaja bei, nilikirudisha chini nikaondoka polepole, kama tufanyavyo Embu, nikingoja aniite nirudi tuongee. Hakuniita. Nilifika karibu mwisho wa uwanja kabla ya kukubali kwamba huku hakuna mchezo huo, nikarudi nikiwa na aibu, dada amejishika mbavu kwa kicheko.

Yule mama aliuliza kama nakitaka cha kupamba nyumba, maana siku hizi wengi hununua cha kupamba.

"Mwambie mama yetu analima kahawa," nikamwambia dada. "Mwambie alianza kabla hatujazaliwa."

Mama mzee akainuka kitini. Alisema kahawa ya Kenya anaijua, huinunua akipata wageni. Kisha akauliza swali, na dada akasita kabla ya kunitafsiria.

"Anauliza mama huipikaje."

Tukaangaliana. Mama huchuma, hubeba mgongoni hadi kiwandani, na jioni akirudi hupika chai.

"Mwambie ukweli," nikasema. "Hajawahi kuionja."

Alipoambiwa, yule mama aliinama. Alichukua kisagio, akakifungua kwa bisibisi, akasafisha meno yake kwa brashi, akanionyesha nati ya kukaza nikitaka unga laini. Akakizungushia magazeti. Bei aliyotaja mara hii ilikuwa ya chini, na sikuwa na moyo wa kuipunguza zaidi.

Nilikibeba mapajani hadi Nairobi. Jumamosi iliyofuata nilipanda gari kwenda kwa mama, tukatwanga mbuni, zile kahawa zilizokaushwa na maganda yake, alizokuwa amebakisha, tukazipeta, tukazikaanga kwa sufuria hadi moshi ukajaa jikoni na jirani akaja mbio kuuliza kunaungua nini. Mama hakukubali mtu mwingine azungushe mpini. Alikishika kisagio kati ya magoti, akasaga akiimba wimbo wa kanisani, na kila baada ya muda akavuta droo kuchungulia.

Nikammiminia kikombe. Akaonja, uso ukajikunja.

"Hii ndiyo wanaamkia huko Ulaya kila siku?"

"Ndiyo, mama."

Akaonja tena. Akampa jirani, jirani akatema nje ya mlango. Mama akakichukua kikombe chake, akaongeza sukari na maziwa mengi, akanywa yote, kisha akanyoosha mkono nimjazie.

Msimu uliofuata, kabla ya kupeleka kahawa kiwandani, alichagua punje zilizoiva vizuri zaidi akazianika kwenye mkeka wake mwenyewe, kuku wakifukuzwa kutwa nzima.